Mwendo wa Mbwa na Hadaa ya Jicho

Hapana mnyama aliyetazamwa na binadamu kwa karibu zaidi ya mbwa, maana tangu zamani amelala mlangoni petu, amefuatana nasi mawindoni, amelinda mifugo na mashamba yetu, na kwa hiyo kila mtu hudhani kwamba mwendo wa mbwa ni jambo asilohitaji kufundishwa. Walakini mwulize mwenye mbwa ni mguu upi unaofuata mguu wa nyuma wa kushoto mbwa wake anapotembea taratibu, nawe utamwona akisita. Unaofuata ni mguu wa mbele wa upande uleule wa kushoto, kisha wa nyuma wa kulia, kisha wa mbele wa kulia, ndipo mzunguko huanza upya. Na jambo hilo, ambalo hutendeka mbele yetu kila siku, jicho hulishika kwa taabu, kwa kuwa miguu ni minne, hatua ni za haraka, na akili ya mtu haikuumbwa kufuata vitu vinne kwa wakati mmoja.

Ningekuwa sina neno kama upungufu huo ungetunyima elimu tu. Lakini mbwa hana ulimi wa kusema mguu unapomwuma. Aghalabu huendelea kula, hutikisa mkia, humkimbilia bwana wake anaporudi nyumbani, ilhali kano ya goti imekwisha kuanza kuchanika au gegedu la nyonga limeanza kulika. Naye, pasipo kulia wala kulalama, huhamisha sehemu ya uzito wake kutoka katika mguu mbovu akaitwika miguu mizima, kwa kiasi kidogo mno hata wanaoishi naye wasitambue. Atakayetaka kuyajua maumivu hayo hana budi kuyasoma katika hatua. Wasomaji wengi wanaikumbuka hadithi ya mtu aliyeshuka kisimani akatia maji katika kiatu chake, akamnywesha mbwa aliyekuwa akilamba udongo kwa kiu, naye akasamehewa dhambi zake. Mtu yule aliitambua kiu ya mbwa kwa kuwa ilikuwa dhahiri, na kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa ametoka kuionja dakika chache kabla. Maumivu ya kiungo hayako dhahiri namna hiyo, na ndiyo sababu elimu ya kupima mwendo wa mbwa, ambayo kwa mtazamo wa kwanza huweza kudhaniwa kuwa anasa ya nchi zenye mali, naiona mimi kuwa ni tendo la insafu kwa kiumbe asiyeweza kujitetea.

Mwendo wa wanyama ulimshughulisha Aristotle aliyeuandikia kitabu, na katika karne ya 17 ukamshughulisha Mwitaliano Giovanni Alfonso Borelli aliyeueleza kwa hisabati; lakini wote wawili walikuwa na macho tu. Kipimo cha kweli kilianza kwa Mfaransa Etienne-Jules Marey, tabibu aliyeamini kwamba kila kinachokwenda mwilini, kuanzia mapigo ya damu hata bawa la ndege, chaweza kulazimishwa kuandika habari zake chenyewe. Aliwafunga farasi chini ya kwato mifuko midogo ya mpira iliyojaa hewa, akaiunganisha kwa mirija na chombo cha kuandikia alichokishika mpanda farasi mkononi, hata kila kwato ilipokanyaga, hewa ilisukumwa na kalamu ikachora mstari. Kitabu chake juu ya wanyama na mashine kilitoka mwaka 1873. Miaka mitano baadaye, huko Palo Alto katika Marekani, mpiga picha Eadweard Muybridge, aliyezaliwa Uingereza, alipanga kamera mstari mmoja kando ya njia ya farasi wa tajiri Leland Stanford, na farasi alipopita akikata nyuzi zilizotegwa, kila kamera ikanasa picha yake.

Picha zile ziliwafedhehesha wachoraji wa Ulaya, ambao kwa muda mrefu walikuwa wamemchora farasi wa mbio akiruka hewani na miguu yake imenyooshwa, ya mbele mbele na ya nyuma nyuma. Ilithibitika kwamba farasi huachana na ardhi wakati miguu yote minne imekusanyika chini ya tumbo, wala si inapokuwa imenyooka. Lakini Muybridge hakuishia kwa farasi. Katika kazi yake kubwa ya kurasa 781 za picha, iliyochapishwa mwaka 1887 baada ya utafiti katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, aliwatia mbwa pia, na mbwa wa mbio aitwaye greyhound akaonekana akiachana na ardhi mara mbili katika kila mzunguko wa hatua: mara moja miguu ikiwa imekusanyika, na mara ya pili ikiwa imenyooka. Umbo lile ambalo wachoraji walimsingizia farasi lilikuwa mali ya mbwa.

Kabla ya kueleza vipimo vya leo, yafaa tumwangalie mbwa mwenyewe alivyoumbwa. Mbwa hatembei kwa wayo mzima kama sisi, hutembea kwa vidole. Na kile kiungo cha mguu wa nyuma ambacho watoto hudhani ni goti lililopinda kinyume, kwa hakika ni kisigino kilichoinuliwa juu ya ardhi, na goti lenyewe liko juu yake, karibu na tumbo, likielekea mbele kama letu. Ajabu kubwa zaidi iko mbele. Mtulinga, ule mfupa unaounganisha bega letu na kifua, kwa mbwa umefifia hata hauna kazi, na kwa hiyo mguu wa mbele haukuungwa na kiwiliwili kwa kiungo chochote cha mfupa. Umeshikwa na misuli peke yake, na kombe la bega huteleza juu ya mbavu kwa kila hatua. Na miguu hiyo isiyo na kiungo cha mfupa ndiyo yenye mzigo mkubwa, maana mbwa asimamapo, takriban asilimia 60 ya uzito wake huwa mbele na asilimia 40 nyuma. Mbwa wa kilo 30 ameweka kilo 18 juu ya miguu ya mbele.

Mwendo wake nao una daraja. Akitembea, huenda kwa utaratibu nilioutaja mwanzoni. Akiongeza kasi, huenda matiti, yaani mguu wa mbele wa upande mmoja hukanyaga pamoja na mguu wa nyuma wa upande wa pili, na mwendo huu ndio waupendao wapimaji kuliko yote, kwa sababu miguu hufanya kazi mbili mbili kwa usawa na kasoro yoyote hujitokeza upesi. Wako mbwa waendao telki, miguu miwili ya upande mmoja ikisogea pamoja kama ya ngamia, na mara nyingine huwa ni dalili ya uchovu au ya mwili usio sawa. Mwisho wa yote ni shoti, ambapo uti wa mgongo wenyewe hupinda na kunyooka ukizidisha urefu wa hatua.

Sasa tuingie katika chumba cha kipimo. Ni chumba kirefu chenye njia nyembamba katikati, na katika njia hiyo, sawasawa na sakafu ili mbwa asihisi mpaka wala kujikwaa, limezikwa bamba la kupimia nguvu. Mizani ya sokoni hukuambia uzito wa kitu kilichotulia. Bamba hili hueleza nguvu ya unyayo tangu unapogusa hata unapoondoka, likiisoma mamia ya mara, pengine mara 1,000, kwa kila sekunde, na tena kwa pande tatu: kwenda chini, kwenda mbele na nyuma, na kwenda kando. Mbwa huongozwa kwa kamba iliyolegea na mtu aliyekwisha kumzoea, akapita juu ya bamba bila kujua kwamba liko. Mguu wa mbele ukikanyaga, kwanza husukuma ardhi mbele na kuzuia mwili usiende kasi kupita kiasi, kisha huisukuma ardhi nyuma. Mguu wa nyuma huwa na kazi kubwa zaidi ya kuusukuma mwili uendelee. Kwenye kioo cha kompyuta huchorwa mstari unaopanda na kushuka, na wapimaji hutazama mambo mawili hasa: kilele cha nguvu hiyo, na jumla ya nguvu yote katika muda ambao unyayo ulikaa chini. Kwa kuwa mbwa hawalingani kwa ukubwa, hesabu hutajwa kwa sehemu ya uzito wa mwili. Na hapo msomaji atastaajabu kuona kwamba mbwa aendaye matiti huutwika mguu mmoja wa mbele, kwa nukta ile ya kilele, nguvu iliyo sawa na uzito wa mwili wake mzima au kuupita.

Kazi hiyo yataka subira. Mbwa akigeuza kichwa kumtazama bwana wake, kipimo hutupwa. Akikanyaga bamba kwa miguu miwili kwa pamoja, hutupwa. Akiongeza au kupunguza kasi, hutupwa vilevile, maana nguvu ya unyayo hubadilika kasi inapobadilika, na daktari asije akadhani mguu umepona kumbe mbwa alikuwa na haraka tu. Ndiyo maana kasi hupimwa kwa vifaa vilivyopangwa kando ya njia, na safari kadhaa zilizo njema hukusanywa kwa kila mguu kabla ya hukumu. Kisha mguu wa kushoto hulinganishwa na wa kulia. Hata mbwa mzima hana ulinganifu kamili, kama vile hakuna mtu mwenye mikono miwili iliyo sawasawa, na kwa hiyo kinachotafutwa ni hitilafu inayopita ile ya maumbile.

Bamba hueleza mguu ulibeba kiasi gani, lakini halielezi kiungo kilipinda vipi. Kwa hilo hutumika kamera kadhaa zilizozunguka njia, na juu ya ngozi ya mbwa, mahali palipo juu ya bega, kisugudi, nyonga, goti na kisigino, hubandikwa vijipira vidogo vinavyong'aa. Kamera hutoa miale ambayo jicho la mtu haliioni, vijipira huirudisha, na kila kijipira kinapoonekana na kamera mbili au zaidi, kompyuta hukokotoa mahali pake hasa katika nafasi, ikajenga umbo la mbwa wa mistari atembeaye. Hila ni nzuri, lakini ina udhaifu mmoja: ngozi ya mbwa imelegea, na huteleza juu ya mfupa kwa kila hatua, hata kijipira kilichobandikwa juu ya goti kikahama na kuacha goti nyuma.

Waliotaka kuona mfupa wenyewe iliwabidi wapenye ngozi. Rachel Page Elliott wa Marekani, mfugaji na mpenzi wa mbwa aliyetoa kitabu chake maarufu juu ya hatua za mbwa mwaka 1973, baadaye alishirikiana na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Harvard kutazama kwa picha za eksirei zinazokwenda jinsi mifupa ya bega inavyofanya kazi mbwa akitembea. Ikadhihirika kwamba ule mlalo wa digrii 45 wa kombe la bega, ambao vitabu vya waamuzi wa maonyesho ya mbwa vilikuwa vikiuhimiza kana kwamba ni sheria, haupo kwa mbwa mwenye mwendo mwema, na kwamba mlalo wa kweli unakaribia digrii 30. Nauona ushujaa katika jambo hilo, maana watu walikuwa wamezalisha mbwa na kuwatunza zawadi kwa kipimo ambacho hapana aliyekipima.

Kazi iliyo kubwa kuliko zote, kwa kadiri nijuavyo, ilifanyika katika Chuo Kikuu cha Jena, Ujerumani, chini ya Profesa Martin Fischer, ambaye pamoja na mwenzake Karin Lilje alitoa kitabu mwaka 2011 chenye habari za mbwa 327 wa jamii 32, wengine wafupi wa miguu na wengine warefu kama ndama, wote wakipimwa kwa kamera za kasi, na baadhi yao kwa eksirei ya pande mbili. Matokeo yaliwashangaza hata wataalamu. Pamoja na hitilafu zote za umbo, mbwa wote huenda kwa namna inayofanana sana. Na katika mguu wa mbele, mahali mguu unapozungukia si pale kwenye kifundo cha bega kama michoro mingi ilivyokuwa ikionyesha, ni juu zaidi, karibu na ukingo wa juu wa kombe la bega, hata ikawa kombe hilo ndilo, kwa kazi yake, lililo ndugu wa paja la nyuma. Mwalimu afundishaye tiba ya mbwa pasipo kulijua hilo anafundisha mnyama wa kufikirika.

Yote hayo yana faida, lakini lililonigusa kuliko yote lilitoka katika utafiti usio na eksirei wala kamera za fahari. Mwaka 2012 watafiti Michael Conzemius na Richard Evans walichapisha habari za mbwa 58 waliokuwa wakichechemea kwa ugonjwa wa viungo, ambao katika majaribio ya dawa walikuwa wamepewa vidonge visivyo na dawa ndani yake. Wenye mbwa hawakujua. Bamba la nguvu lilipima, na wenye mbwa wakaulizwa, na waganga wa mifugo nao wakaulizwa. Karibu mara 4 katika kila 10, mwenye mbwa alisema mnyama wake yu nafuu, ilhali bamba halikuona nafuu yoyote. Na waganga, pamoja na elimu yao na uzoefu wao, hawakusalimika, kwani walidanganyika kwa kiasi kisichopungua hicho. Hapana aliyesema uongo. Watu wale walikuwa wametumia fedha, wametumia muda, wamempa mnyama wao kidonge kila siku kwa mkono wao wenyewe, wakamtazama kwa jicho la mtu anayetamani kwa dhati kuona heri. Na tamaa hiyo njema ndiyo iliyowapofusha. Mbwa aliendelea kuumia chini ya macho ya watu waliompenda. Bamba halimpendi mbwa wala halimchukii, halikununua dawa wala halikuiuza, na kwa sababu hiyo ushahidi wake una uzito ambao ushahidi wetu hauna.

Elimu hii haikubaki katika hospitali. Katika Uingereza, James Usherwood na Alan Wilson walionyesha mwaka 2005 kwamba greyhound akiingia katika kona ya uwanja wa mbio hapunguzi kasi, ingawa nguvu inayoukandamiza mguu wake huongezeka kwa takriban asilimia 65, ilhali mwanariadha wa binadamu katika hali hiyo hulazimika kupunguza. Na mwaka 2016 jopo la Wilson na Tatjana Hubel lilitoa habari za mbwa mwitu wa Botswana, wale wenye mabaka na masikio ya duara ambao twawajua pia katika misitu ya Selous. Walivikwa kola zenye vifaa vya kuhisi mwendo na kupokea habari za setilaiti, na zaidi ya mbio 1,100 za kundi la mbwa sita zikaandikwa. Sifa waliyopewa mbwa mwitu kwa miaka mingi ni ya kumfukuza swala maili nyingi kwa kupokezana hata achoke. Lakini kola zilionyesha kwamba katika nchi ile ya vichaka mbio zao nyingi ni fupi, kila mmoja akijaribu bahati yake, kisha nyama ikaliwa pamoja.

Vifaa vya hospitali ni ghali, na ningependa sana kuona siku ambayo vyuo vyetu vya tiba ya wanyama, kile cha Sokoine mjini Morogoro na kile cha Kabete jijini Nairobi, vitakuwa na wanafunzi waliozoea kupima mbwa wetu wa kienyeji, walinzi wa maboma na wa mifugo, ambao viungo vyao hufanya kazi nzito. Njia inazidi kuwa nyepesi. Tangu mwaka 2018 imekuwapo programu iitwayo DeepLabCut, ambayo mtu huifundisha kwa picha chache alizozitia alama mwenyewe, nayo ikajifunza kuvitambua viungo katika picha zinazokwenda pasipo kijipira chochote juu ya ngozi.

Na msomaji asiye na chochote ila simu yake ya mkononi naye hakukosa fungu. Mwongoze mbwa wako kwa kamba iliyolegea, mahali pagumu na pa sawa, mtu mwingine akimpiga picha kutoka ubavuni, kisha kutoka nyuma, kisha kutoka mbele. Halafu itazame picha hiyo kwa mwendo wa polepole. Mguu wa mbele ukiuma, mbwa huinua kichwa nukta ile mguu mbovu unapokanyaga, na hukishusha mguu mzima unapokanyaga, kwa hiyo usidanganyike ukadhani kinapoinama ndipo penye maradhi. Mguu wa nyuma ukiuma, nyonga ya upande huo hupanda na kushuka kuliko ya pili. Tazama na kucha za miguu ya nyuma, kama zimelika kwa juu, maana hiyo ni dalili ya mguu unaoburutwa. Na usikilize sakafuni kama kishindo cha hatua nne ni cha mapigo sawa. Fanya hivyo wakati mbwa yu mzima, uiweke picha, kisha ukimshuku siku moja umpige nyingine mahali palepale na kwa kasi ileile. Picha hizo mbili mwonyeshe daktari wa mifugo kwanza, umwache azitazame na kutoa hukumu yake, ndipo umweleze wewe unadhani ni mguu gani.